Simu Ilizama, Hesabu Ikaelea

Ndugu msomaji, kila mtu ana udhaifu wake. Wako wasioweza kupita mbele ya kilabu cha pombe bila miguu kuwa mizito, na wako wasioweza kuliona shati jipya bila kulijaribu. Udhaifu wangu mimi ni vyombo. Tangu utotoni, chombo chochote chenye vibonye na sauti kimekuwa na uwezo wa kunisimamisha njiani. Redio ya marehemu baba, iliyovishwa kitambaa cha kufuma na kuketishwa juu ya kabati kama mgeni wa heshima, niliifungua siku moja nikiwa na umri wa miaka tisa ili niwaone watu waliokuwa wakizungumza humo ndani. Sikuwaona. Niliuona mkanda wa baba.

Nayasema hayo mapema ili usinidhanie kuwa ni mmoja wa wale wazee wanaolaani kila kilicho kipya. La hasha. Mimi ni mwalimu mstaafu na mkulima wa kahawa hapa Mbinga, na ninazipenda simu janja, pamoja na zile kompyuta ndogo za bei nafuu ambazo huweka kazi zake mbali katika kile kinachoitwa "wingu". Ninazipenda kwa mapenzi ya kijana, na nitazisifu hapa bila kuona aibu. Lakini nitasimulia pia jinsi zilivyonifedhehesha mbele ya mke wangu na binti yangu, na kwa nini, baada ya fedheha hiyo, nimezidi kuzithamini.

UZITO WA HABARI

Kijana wa leo ni vigumu kumweleza uzito wa habari isiyofika. Zamani barua iliyotoka Dar es Salaam wakati wa masika ilitufikia Mbinga ikiwa imechoka kuliko aliyeiandika, kwa sababu ya tope la njia ya Songea. Habari za misiba tulizipata katika matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, na aliyeishiwa betri huenda alikosa mazishi ya ndugu yake. Mwezi Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni katika jimbo la Paraná nchini Brazil, na kufikia mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepaa kuliko wakati wowote uliotangulia. Ni wazee wangapi waliokuwa wakichuma kahawa katika miteremko ya Umatengo waliojua kwamba jasho lao limeungamana na baridi ya nchi ambayo hawakupata kuiona?

Mwezi Februari 2025, bei ya arabika katika soko la New York ilipovuka dola 4 kwa ratili, ikiwa imekwisha kuipita ile ya 1977, mimi nilikuwa nimesimama shambani, mkono mmoja umeshika mkasi wa kupogolea na wa pili umeshika simu. Habari hiyo niliipata kabla sijaondoka pale chini ya mbuni. Najua vema kwamba bei ya New York siyo bei ya Mbinga. Katikati yake kuna mnada, kuna chama cha msingi, kuna makato na usafirishaji, na kuna ubora wa kahawa yenyewe. Hata hivyo, mtu ajuaye upepo unakotokea hawi sawa na mtu anayesubiri kuambiwa. Kadhalika, jani lenye kutu au tunda lenye chulebuni siku hizi hupigwa picha na kutumwa kwa bwana shamba, naye akajibu kabla mgonjwa hajawaambukiza jirani zake.

Upande wa ukweni kwangu, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuna kisa kinachofundisha jambo hili kuliko hotuba. Mji wa Liuli, ambao sasa umo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, Wajerumani waliuita Sphinxhafen, kwa kuwa waliuona mwamba wa hapo ukifanana na sanamu ile ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu. Mwezi Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Ikaja meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen kutoka kusini mwa ziwa, chini ya nahodha Rhoades, ikaishambulia kwa mzinga. Inasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, alipanda mashua kwa hasira akamwendea na kumwuliza kama amelewa. Maskini, hakuwa na habari kwamba nchi zao zilikuwa vitani! Mwenzake alikwisha kuletewa habari kwa simu ya maandishi, yeye bado. Ziwa lilikuwa moja na urafiki ulikuwa mmoja, ila habari ilikuwa kwa mtu mmoja tu.

Nakuomba, msomaji, ukiweke akilini kisa hicho. Nilipokuwa nikikisimulia kwa madaha darasani na barazani, sikujua kwamba siku moja kitanihusu mimi mwenyewe.

KOMPYUTA ISIYO NA TUMBO

Mwaka 2023 binti yetu, kitindamimba, alipata nafasi ya chuo. Akaambiwa awe na kompyuta. Kompyuta mpya ya kawaida ilitushinda bei, na ile iliyochakaa ambayo mwenzangu mmoja alikubali kutuuzia ilihitaji dakika kumi kuamka, mithili ya mlevi wa jana. Ndipo kijana wa jirani, aliyekuwa akifanya biashara Kariakoo, aliponieleza habari za Chromebook.

Mashine hizo zilianza kuuzwa mwaka 2011, na watengenezaji wake wa kwanza walikuwa Samsung na Acer. Zinatumia programu ya Google, na ufundi wake ni huu: zenyewe hazibebi mengi. Kompyuta ya kawaida ina tumbo kubwa. Kila kitu huingia humo, na tumbo likiugua, kila kitu huugua. Hii ina tumbo dogo sana. Barua unazoandika, picha na majedwali ya hesabu huwekwa mbali, nawe huvifikia kwa anwani yako ya barua pepe na nywila. Kwa kuwa haina mzigo, haihitaji nguvu nyingi, na kwa kuwa haihitaji nguvu nyingi, bei yake ni ndogo. Nyingi zinazofika kwetu zimekwisha kutumika katika shule za ng'ambo. Ya kwetu niliinunua kwa Sh. 250,000/-, ikiwa na mkwaruzo mgongoni na namba ya shule fulani ya mbali ambayo mwanafunzi wake, bila shaka, hakuota kwamba meza yake itarithiwa Mbinga.

Ilipowashwa mara ya kwanza iliamka kabla sijamaliza kuketi. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Na kwa kuwa betri yake huvumilia saa nyingi, umeme ukikatika jioni kazi haikatiki. Nasema "ukikatika" kwa shukrani, maana kabla ya gridi ya Taifa kutufikia mwaka 2018 kwa njia ya Makambako hadi Songea, Mbinga iliishi kwa jenereta za dizeli, na chombo chenye njaa ya umeme kilikuwa pambo tu.

Anayetaka kununua mashine ya namna hiyo ninampa nasaha mbili. Kwanza, kila aina ina tarehe ambayo baada yake mtengenezaji haipelekei tena marekebisho ya usalama. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba muda huo utakuwa miaka kumi, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ilipotoka kiwandani, si tangu wewe ulipotoa fedha zako. Basi uliza jina kamili la mashine, uitafute tarehe yake, ndipo ufungue pochi. Pili, usitarajie ifanye kila kazi. Zile programu nzito za kuchora majengo au kukata filamu haziwezi. Kuandika, kuhesabu, kusoma na kuonana na mwalimu kwa picha, hayo inayaweza, tena kwa adabu.

Nasaha ya tatu ilinigharimu, kwa hiyo naieleza kwa urefu. Jina la "wingu" linapotosha. Hakuna kitu kinachoelea angani. Kazi yako hukaa ndani ya mashine kubwa zilizopangwa katika majumba, aghalabu nchi za mbali, na husafiri kwenda na kurudi kupitia minara ya simu, kisha kwa nyaya zilizofukiwa ardhini na kulazwa chini ya bahari. Waya wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka uliofuata. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika baharini, na intaneti ikazorota nchini kwetu na katika nchi jirani. Binti yetu alikuwa nyumbani, na kazi aliyotakiwa kuiwasilisha chuoni kesho yake ilikuwa huko mbali. Tuliikodolea macho mashine yetu nzuri, nayo ikatukodolea.

Marehemu mama yangu, laiti angekuwapo, angetucheka. Sisi Wamatengo tumelima kwa ngolo vizazi na vizazi. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga chini kwa mistari inayokatana. Mwanamke huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, hata mlima mzima ukawa vishimo mithili ya sega la nyuki. Mvua inyeshapo, maji hayaporomoki na kuuchukua udongo hadi bondeni, bali hutua katika kila kishimo na kuzama taratibu. Wingu likiisha kupita, unyevu hubaki. Sisi tulikuwa tumelitegemea wingu bila kuchimba kishimo. Tangu siku ile kila kazi muhimu hubakiwa na nakala ndani ya mashine yenyewe. Chromebook inaruhusu jambo hilo, ila ni lazima uliagize mapema, mtandao ungalipo.

MALIPO YA PILI

Sasa nimefika mahali ambapo kalamu inasita.

Mke wangu ni Mnyasa wa Liuli, na mama yake mzazi yu hai. Nyumba ya bibi yule imeezekwa kwa nyasi, nazo nyasi zilikwisha kuchoka. Tulikuwa tumekubaliana, mimi na mke wangu, kwamba malipo ya pili ya kahawa ya msimu wa 2025 yatanunua mabati 16. Sikulazimishwa, mimi ndiye niliyelitamka neno hilo, tena mbele ya mama mkwe mwenyewe, naye akapiga magoti kunishukuru hata nikaona haya.

Malipo ya pili yalikuja mwezi Novemba. Yaliingia katika simu yangu, kwa kuwa uanachama wa chama cha msingi uko kwa jina langu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za huku, ijapokuwa aliyepalilia na kuanika kahawa ile pamoja nami ni mke wangu. Siku tatu baadaye nilipita dukani mjini Mbinga nikaiona simu janja mpya, yenye kioo kipana na kamera inayoona gizani. Bei yake, Sh. 380,000/-. Bei ya mabati yale, Sh. 384,000/-. Shetani ni mwanahisabati hodari, ndugu msomaji.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu mambo mawili: kwamba simu nimekopeshwa kwa kulipa kidogo kidogo, na kwamba malipo ya pili bado hayajatoka. Alisema, "Haya, mwalimu. Tutasubiri." Akaenda zake jikoni.

Sikuwa mwizi asiye na utaratibu. Miaka mitatu sasa nilikuwa nikitunza hesabu za kahawa katika jedwali ambalo binti yangu naye aliweza kulifungua. Nikafungua jedwali la pili, la kwangu peke yangu, nikaandika humo ukweli wote: tarehe, kiasi kilichoingia, simu, na chini yake, "Mabati: msimu ujao." Mtu aliyefundisha hesabu miaka 31 hawezi kuzini na hesabu, anaweza tu kuzificha.

Baada ya Krismasi tulikwenda Liuli. Safari hiyo siku hizi ni nyepesi. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami tupu, kilometa 66 hivi za kushuka kutoka kwenye baridi ya milima hadi kwenye joto la ziwa. Kutoka hapo tulipanda boti. Usiku ule mvua ilinyesha kwa hasira. Mama mkwe aliamka bila kulalamika akapanga sufuria tatu, beseni na chungu kimoja, kila kimoja mahali pake, kwa uhakika wa mtu anayepajua kila panapovuja. Mimi, kwa tabia yangu ya kupenda vyombo, nilitaka kujua kama kamera ile inaona gizani kweli. Nikaipiga picha ile safu ya sufuria. Ilitoka vizuri mno.

Asubuhi, wakati wa kurudi, boti ilipouacha mwambao nikainama ubavuni ili nipige picha ya Jiwe la Pomonda. Wimbi moja dogo likatosha. Simu ilizama mbele ya macho yangu, ikimetameta kama samaki, katika ziwa ambalo penye kina kirefu hufikia mita 700. Abiria walinipa pole. Mke wangu alinishika mkono, akasema, "Pole, baba. Na deni lake bado hujalimaliza."

NAMBA SITA

Tulipofika Mbinga nilikwenda kuirudisha laini, nikaweka kidole, nikapewa kadi mpya. Kwa kuwa sikuwa na simu, tuliiweka katika simu ya mke wangu ya vibonye, ile ambayo vijana huiita kiswaswadu. Nilikuwa nikiomboleza picha, hasa zile za marehemu mama. Binti yangu akacheka. "Baba, si wewe uliyenifundisha habari za wingu? Hakuna kilichopotea." Akaiweka Chromebook mezani, akaandika anwani yangu, nami kwa furaha nikaitaja nywila. Mashine ikataka uhakika zaidi. Ikatuma namba sita kwa ujumbe wa simu. Mke wangu aliusoma ujumbe ule kwa sauti, namba moja moja, kama anayesoma somo kanisani.

Kila kitu kikarudi. Wa kwanza alikuwa mama, amekaa kwenye mkeka akichambua maharage. Tukanyamaza kidogo. Kisha binti yangu akafungua upande wa majedwali, ambako lililofunguliwa mwisho hukaa juu kabisa. Sikuwahi kusema neno. Alilifungua.

Hakuna aliyepaza sauti. Binti alisoma, akainuka, akasema anakwenda kutazama chai. Mke wangu alibaki akiutazama ule mstari wa mwezi Novemba kwa muda mrefu. Akaniomba nimwonyeshe tena zile picha. Ya mwisho kuhifadhiwa ilikuwa ya zile sufuria, kwa maana mtandao wa Liuli ulikuwa umeichukua usiku ule ule. Aliitazama, ndipo akasema, "Kumbe, mwalimu, ziwa limekula mabati ya mama."

Hapo ndipo nilipomkumbuka nahodha Berndt ndani ya mashua yake. Miaka yote nilikuwa nimekisimulia kisa kile kama kisa cha wazungu na meli zao. Nyumbani kwangu mimi ndiye niliyekuwa na habari, na mwenzangu, rafiki yangu wa miaka mingi, alikuwa akipiga makasia bila kujua. Nilikuwa nikiisifu simu kwa kuwa imewaletea wakulima habari za New York, huku habari ya chumba cha pili nikiifungia kwa nywila.

Niliuza nguruwe wawili, na mabati 16 yakapanda lori. Mwishoni mwa Januari 2026 nyumba ya mama mkwe iliezekwa. Hesabu za kahawa sasa ziko katika jedwali moja linalofunguliwa na watu watatu, na mke wangu, ambaye hakuwa amewahi kuigusa kompyuta, ameomba afundishwe. Anaandika taratibu kwa kidole kimoja, lakini hakosei. Mstari wake wa kwanza, katika safu ya hasara, ulisema: "Simu ya baba. Imezama." Nilimwambia kwamba kwa utaratibu wa hesabu imeandikwa sawasawa. Simu janja itakayonunuliwa msimu ujao itakuwa yake. Mimi nitaomba kuiazima.

Basi, ndugu msomaji, vinunue vyombo hivi ukiweza; usiogope. Itazame tarehe ya mashine, uchimbe kishimo chako cha akiba, na watoto wako uwafundishe. Ila kabla hujanunua, keti na mwenzako mhesabu fedha pamoja, kwani chombo chenye kumbukumbu njema si rafiki wa mtu mwenye siri.

Juzi usiku kiswaswadu kililia. Alikuwa mama mkwe, anapiga kutoka Liuli. Mke wangu alisikiliza, akacheka, akaniwekea simu sikioni. Sikusikia maneno, bibi alikuwa ameiinua simu yake kuelekea darini. Nilisikia mvua juu ya bati.